Kiwango cha kumweka si joto la moto unaoushika mkononi

Kiwango cha kumweka ni joto la chini kabisa ambalo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kuwaka pale tu unapoguswa na mwali au cheche. Petroli ni nyuzi -40 hivi, asetoni -20 hivi, spiriti safi (pombe kali ya ethanoli) karibu 13, mafuta ya taa huanzia 38. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachokera ni kusikia kikichanganywa na kiwango cha kujiwasha, yaani joto ambalo mvuke hushika moto wenyewe bila kuguswa na mwali wowote. Kwa spiriti hicho ni zaidi ya nyuzi 360. Video za majaribio ya nyumbani huitaja namba hiyo kana kwamba ndiyo mpaka wa usalama: chumba kina nyuzi 30, basi tuko mbali na hatari. Mwali wa njiti ya kiberiti peke yake hupita nyuzi 600. Na lau kujiwasha ndiko kungekuwa kipimo, mafuta ya taa yangekuwa ya kuogopwa kuliko petroli, maana hujiwasha kwenye nyuzi 210 hivi ilhali petroli huhitaji zaidi ya 240. Kila anayewasha jiko la mafuta anajua ni ipi kati ya hizo mbili isiyotakiwa kukaribia jikoni.

Kipimo chenyewe kilitokana na ajali za nyumbani. Karne ya 19 taa za mafuta zililipuka kwa sababu wauzaji walichanganya humo mafuta mepesi. Uingereza ikaweka kwenye sheria ya mwaka 1879 kifaa cha mkemia Frederick Abel: kikombe chenye kifuniko, mafuta yanapashwa polepole, mwali mdogo unashushwa tunduni kila baada ya muda. Joto la kwanza ambalo mvuke unamweka na kuzimika papo hapo ndilo huandikwa. Kuendelea kuwaka huja nyuzi chache juu ya hapo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mezani ni kama kimiminika kimeshavuka kiwango chake kabla hujagusa kiberiti. Dar es Salaam spiriti imeshavuka, mchana na usiku. Kuongeza maji hakuokoi kama wengi wanavyodhani: pombe ya asilimia 40 humweka kwenye nyuzi 26 hivi, na ili kiwango hicho kipande kupita nyuzi 45 lazima pombe ishuke hadi karibu asilimia 10. Njombe, kwenye baridi ya asubuhi ya Julai, spiriti hiyohiyo huenda ikakataa njiti. Anayejaribu huiona dhaifu, huongeza nyingine, na mwali unaozungushwa juu yake huipasha mpaka ishike yote kwa pamoja.

Mahali panapoumiza watu zaidi ni chupa. Mvuke wa spiriti huwaka ukiwa kati ya asilimia 3.3 na 19 ya hewa. Ndani ya chupa iliyobaki nusu, kwenye nyuzi 30, mvuke wa spiriti safi hufika karibu asilimia 10, katikati kabisa ya mipaka hiyo. Dumu la petroli kwa kawaida huwa na mvuke mwingi mno kwa hewa iliyomo, hauwezi kuwaka ndani. Hatari yake iko nje, mvuke unapotambaa sakafuni kutafuta moto. Mwali wa spiriti nao ni wa buluu hafifu, juani hauonekani. Mtu hudhani umezimika, anamimina tena kutoka kwenye chupa, moto unapanda mkondo, unaingia shingoni na kurusha mwali mita kadhaa, mara nyingi kwa watazamaji walioketi mbele. Baada ya ajali za namna hiyo za methanoli, aina nyingine ya pombe, mwaka 2014, Chama cha Kemia cha Marekani kilitaka onyesho la miali ya rangi kwa methanoli juu ya meza ya wazi liachwe. Spiriti ikishawaka ndani ya bakuli, bakuli hufunikwa kwa sahani ya chuma palepale lilipo. Halibebwi wala halipulizwi.

Kwa hiyo, mwalimu au mzazi unayeandaa jaribio, badala ya kusema «spiriti huwaka kwenye nyuzi 360», sema «spiriti iko tayari kuwaka tangu nyuzi 13, inangoja cheche». Na chupa iwe imefungwa, chumba kingine, kabla njiti haijawashwa.