"Nimempa namba tu, neno la siri sijampa"

Sentensi hiyo naisikia mezani kwangu ninapotengeneza simu karibu kila wiki, na anayeisema huwa ameshachukuliwa WhatsApp. Wakati anaisema, wenzake wa kikoba wanapigiana simu kuulizana kama kweli mweka hazina wao amelazwa na anaomba laki mbili hadi kesho jioni.

WhatsApp ya kawaida haina neno la siri la kuingilia. Ukiiweka kwenye simu mpya inakuuliza namba yako, inakutumia tarakimu sita kwa SMS, unaziandika, umeingia. Kama hukuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada unayoitunga mwenyewe, hakuna kingine kinachoulizwa. Kwa hiyo uliyempa tarakimu sita hukumpa "namba tu". Umempa kila alichohitaji.

Hapo mteja ananijibu kwa lile linalonichosha kuliko yote: "Lakini fundi, zile namba hazikuwa zangu. Zilikuja kwangu kwa makosa."

Hakuna makosa ya namna hiyo. Mchezo wenyewe unaenda hivi. Ujumbe unatoka kwa mtu unayemjua, tuseme shemeji yako au mwanakwaya mwenzio: "Samahani dada, nimekosea nimetuma namba zangu za uthibitisho kwenye simu yako, naomba unirushie." Shemeji mwenyewe hana habari. Akaunti yake ilichukuliwa asubuhi kwa maneno hayohayo, na sasa tapeli anapita jina kwa jina kwenye orodha yake. Dakika hiyohiyo yeye ndiye aliyejaza namba yako kwenye simu yake ili SMS ikufikie.

Namba za uthibitisho hutumwa kwenye laini ile ambayo akaunti yake inafunguliwa. Shemeji hawezi kufungua akaunti yake halafu namba zikaangukia kwako. Na hata tuseme kweli yupo mtu huko Mbeya aliyekosea tarakimu moja, akajaza namba yako badala ya yake: kinachofunguka bado ni akaunti yako, na yeye hazimsaidii chochote. Akirekebisha kosa lake atatumiwa nyingine kwenye laini yake. Mtu pekee mwenye haki ya kukuomba namba hizo ni mwanao au mzazi wako aliyejisajili kwa laini yako, na huyo mpigie umsikie sauti kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba onyo limo ndani ya SMS yenyewe. Wateja wananionyesha: juu zimekaa tarakimu, chini yake pameandikwa usimpe mtu yeyote. Wamesoma mstari wa juu, wamenakili, wametuma.

"Aliyenipigia ni mtu wa huduma kwa wateja kabisa, alijua majina yangu matatu." Mtu yeyote anayejaribu kukutumia hela anaona jina lako kabla hajathibitisha muamala. Haihitaji kufanya kazi kwenye mtandao wa simu. Na akikuambia ubonyeze *21* au **21* ikifuatiwa na namba fulani, kata simu: hiyo inahamishia simu zako kwake, na WhatsApp inaweza kutoa namba za uthibitisho kwa kupiga badala ya SMS. Kama umeshabonyeza, piga ##21# kuiondoa. Kwa Tanzania, namba ya tapeli iripoti kupitia 15040.

"Niflashie simu, fundi, mwizi atoke." Mwizi hayumo kwenye simu yako, yuko kwenye yake. Ukiflashi, yaani kufuta kila kitu na kuweka programu ya simu upya, unapoteza picha zako za harusi naye anaendelea kuchati, na mafundi wenzangu wanaotoza hela kwa kazi hiyo wanajua hivyo. Fungua WhatsApp, weka namba yako, subiri tarakimu mpya, ziandike. Saa ileile yeye anatolewa. Kama alikuwa amewasha PIN yake utaambiwa usubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN. Siku hizo zinauma, ila naye hayumo. Zitumie kuwapigia watu kwa simu ya kawaida uwaambie wasitume hela.

"Hatua mbili niliwasha, ikanisumbua nikazima." WhatsApp inaiuliza PIN mara mojamoja ili usiisahau. Hiyo PIN unaitunga mwenyewe, haiji kwa SMS hata siku moja, na ndiyo inayomkwamisha tapeli hata akishapata zile sita. Iwashe leo. Ikikuomba barua pepe, weka unayoifungua kweli. Nasisitiza hili kwa sababu nusu ya wateja wangu wanatumia barua pepe waliyofunguliwa dukani siku wananunua simu. Nywila anaijua muuzaji, namba ya kurejesha akaunti ni ya muuzaji, na muuzaji ameshahama fremu. Kaa chini ubadilishe vyote viwili.

"SMS zinaibiwa siku hizi, kwa hiyo hatua mbili haina maana." Zinaibiwa, kweli, na kwenye akaunti nyingine kama barua pepe na Facebook hatua ya pili inaweza kuwa namba ya SMS. Tapeli akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini nyingine, SMS zako zinamfuata yeye. Mwaka 2019 ilimkuta Jack Dorsey, bosi wa Twitter wakati huo (sasa inaitwa X), kwenye Twitter yake mwenyewe. Lakini kuhamisha laini kunataka kazi, na wengi hapa mjini wanaibiwa kwa kuombwa tu. Hatua mbili ya SMS inabaki bora kuliko kukaa bila kitu.

Kwa barua pepe na Facebook, hata hivyo, ningependa utumie programu ya kutengeneza namba za uthibitisho kwenye simu. Usiniambie inataka bando. Inapiga hesabu kwa siri iliyohifadhiwa siku ulipoiunganisha pamoja na saa ya simu, na kila sekunde 30 inatoa namba mpya, hata data ikiwa imezimwa na laini imetolewa. Kinachoikwamisha ni saa. Kijana mmoja alikuwa ananung'unika kila namba inakataliwa, kumbe amesogeza saa ya simu dakika kumi mbele asikose daladala ya alfajiri. Ingia kwenye mipangilio, weka saa ijirekebishe yenyewe kutoka kwenye mtandao, kisha jaribu tena.