Dawa ya Kukojoa na Moyo Ulionenepa kwa Presha

Mama mmoja wa makamo aliyekuja kliniki yetu ya moyo aliniambia bila kusita: "Daktari, ile dawa ya kukojoa niliiacha, maana kukojoa mara kwa mara kulikoma, nikajua imekwisha nguvu." Presha yake siku hiyo ilisoma 178 kwa 104, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kuwa ukuta wa chemba ya kushoto ya moyo wake umefikia unene wa milimita 14, ilhali kwa mwanamke hautakiwi kuzidi 9.

Chemba hiyo ndiyo inayosukuma damu mwili mzima. Inapopambana na presha kubwa miaka nenda miaka rudi, misuli yake hunenepa kama mkono wa mtu anayetwanga kila siku, lakini unene huo si afya: ukuta hukakamaa, chemba haijai vizuri, na mgonjwa huanza kuhema akipanda ngazi chache tu. Asipotibiwa, ukuta huo huweza kuchoka, chemba ikatanuka na nguvu ya kusukuma ikapungua. Watu huziita hali zote mbili "moyo mkubwa", nami nasisitiza zitenganishwe kwa sababu dawa zake za kukojoa hazifanani.

Moyo ulionenepa bila mwili kuvimba huhitaji haidroklorothiazidi, klothalidoni au indapamidi, ambazo huzuia mirija ya figo kurudisha chumvi kwenye damu, na maji huifuata chumvi hiyo kwenye mkojo. Siku za mwanzo mgonjwa hukojoa sana. Baada ya wiki kadhaa mwili hujizoesha na maji ya damu hukaribia kiwango chake cha awali, lakini presha hubaki chini kwa kuwa mishipa ya damu yenyewe imelegea. Ndiyo maana wingi wa mkojo haupimi kazi ya dawa hizi. Kinachoipima ni mashine ya presha, na presha ikitulia kwa miezi mingi, ukuta wa moyo hupungua unene. Katika utafiti wa ALLHAT uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa zaidi ya 33,000, klothalidoni ilikinga moyo usishindwe kazi vizuri kuliko amlodipini, dawa ya presha isiyo ya kukojoa. Mimi hupendelea indapamidi au klothalidoni, kwa sababu nguvu yake hudumu usiku na mchana.

Lasix, yaani furosemidi, ni habari nyingine. Hukamua maji kwa nguvu kwa muda wa saa 6 hivi, nayo inamfaa yule ambaye ukibonyeza ugoko wake kwa kidole gumba shimo linabaki. Kumwazima jirani mwenye presha tupu ni kumhatarisha. Kwa moyo uliotanuka na kuishiwa nguvu huongezwa spironolaktoni, ambayo utafiti wa RALES wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa hupunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa wa aina hiyo wenye hali kali.

Dawa za kundi la kwanza, yaani haidroklorothiazidi na wenzake, hushusha madini ya potasiamu kwenye damu na huweza kuamsha jongo, maumivu makali ya viungo, wakati spironolaktoni hupandisha potasiamu, kwa hiyo damu lazima ipimwe. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo huzidhoofisha zote, na chumvi ya kuongeza mezani vilevile.

Yule mama nimemrudishia indapamidi pamoja na amlodipini, anywe asubuhi. Atarudi baada ya wiki 3 kupimwa potasiamu na kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo, na eko tutairudia mwakani.