Je, wajua kwa nini bonsai, ule mti unaotunzwa ubaki mdogo kwenye chungu, haikui ikawa mti mkubwa?

Unaona picha ya msonobari umekomaa kabisa, shina limepasukapasuka magamba, matawi yametanda, afu chini unakuta umekaa kwenye kichungu kifupi cha kubeba mkononi. Wengi wanauliza hiyo mbegu inapatikana wapi. Hakuna mbegu ya bonsai jamani, ni msonobari uleule, mreteni uleule, ukiutoa kwenye chungu ukaupanda ardhini unaanza kukimbilia juu kama mingine.

Kazi kubwa iko kwenye mizizi. Mti mchanga kila mwaka mmoja hadi mitatu hivi unatolewa kwenye chungu (mzee unasubiri zaidi), mizizi minene inakatwa, inabakizwa ile myembamba kama nywele maana ndo inayonyonya maji, unarudishwa na udongo mpya. Na sio kwamba unashindishwa njaa! Unapewa mbolea, kiangazi unamwagiliwa kila siku, joto likizidi hata mara mbili, kwa sababu chungu kidogo kinakauka haraka mno. Mti wenye njaa hauwezi kufika miaka 100.

Juu nako ncha ya tawi inatengeneza homoni inaitwa auksini, inazuia machipukizi ya pembeni yasiamke, kwa hiyo ukiikata ncha, yale ya pembeni yanaamka, tawi moja linazaa mawili, mawili yanazaa manne, na majani nayo yanatoka madogo. Ila tunda halipungui, mtufaha wa kwenye chungu unazaa tufaha la saizi yake ileile! Ule mpindo wa matawi ni waya wa shaba au aluminiamu, unakaa miezi mpaka tawi lishike mkao, ukichelewa kuutoa unazama kwenye gome na kuacha kovu.

Ukibahatika kufika Japani nenda Omiya, kule Saitama jirani na Tokyo, watunza bonsai walihamia hapo 1925 baada ya tetemeko kubwa la 1923, na tangu 2010 kuna jumba la makumbusho. Usiangalie ukiwa umesimama wima, inama, anzia mizizi inavyoshika udongo, panda na shina taratibu mpaka kileleni, utaona mti mkubwa kabisa.

Ila unaoniacha hoi mimi ni msonobari wa familia ya Yamaki wa Hiroshima, unatunzwa tangu 1625. Bomu la atomiki la 6 Agosti 1945 lilipiga kama kilomita 3 tu kutoka kwao na mti ukapona, ukuta uliukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki akaitoa zawadi Marekani bonsai hiyo, tena bila kutaja habari za bomu, watunzaji wa Washington wakaja kujua 2001 wajukuu zake walipokwenda kuuona. Upo National Arboretum, bustani ya taifa ya miti huko Washington, mpaka leo, na hakuna kiingilio.