Voisin III ni ndege gani hasa?

Voisin III ni ndege ya kivita ya Wafaransa ya mwaka 1914, mwanzoni kabisa mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, iliyotoka kwenye kiwanda cha Gabriel Voisin. Ni ya mabawa ya ghorofa, yaani bawa moja juu na lingine chini, katikati yameshikwa na nguzo na waya. Injini yake ya Salmson ilikua na nguvu ya farasi 120 hivi tu, kwahiyo ili inyanyuke na watu wawili pamoja na mzigo ilihitaji eneo kubwa la bawa, na bawa moja refu kwa ufundi wa wakati ule lingevunjika mapema, ndo maana wakapandanisha mawili yashikane.

Sasa kinachowachanganya watu ni hii kuitwa ya kupigana angani na papo hapo ya kudondosha mabomu. Mwaka 1914 majeshi yalikua hayajagawa hizo kazi bado, ndege ilikua ni ya kwenda kuchungulia adui yuko wapi, mengine mengi yaliendelezwa vita ikiendelea.

Ila cha kushika zaidi kwa Voisin ni kwamba injini ilikua nyuma, propela inasukuma badala ya kuvuta. Hapo mbele panabaki peupe kabisa, hakuna panga linalozunguka, na ndege nyingine zenye propela mbele zilikua haziwezi kupiga rashasha mbele bila kukata propela yake yenyewe, mpaka Wajerumani walipoleta mtambo wa Fokker, mtengenezaji wa ndege zao, 1915 unaopishanisha risasi na propela. Kwahiyo tarehe 5 Oktoba 1914, karibu na mji wa Reims huko Ufaransa, rubani Joseph Frantz na fundi wake Louis Quenault waliifuata ndege ya Kijerumani aina ya Aviatik, Quenault akaimiminia risasi za rashasha ya Hotchkiss mpaka ikakwama, akamalizia na bunduki ya kawaida. Ndege ikaanguka na Wajerumani wote wawili wakafa. Hiyo ndo inahesabika kuwa mara ya kwanza kabisa ndege kuitungua ndege nyingine kwa bunduki, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha watu kuijua hii ndege.

Upande wa mabomu, fremu yake ilikua ya mabomba ya chuma na chini ina magurudumu manne, ngumu kweli, inatua popote. Mabomu yenyewe mengi yalikua makombora ya mizinga yaliyofungwa mapezi. Aprili 1915 Wajerumani walipiga gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, basi tarehe 27 Mei Wafaransa wakatuma Voisin 18 mpaka Ludwigshafen, Ujerumani, kupiga kiwanda cha BASF cha kemikali, safari ya masaa kwa ndege isiyozidi sana kilomita 100 kwa saa, na kamanda wao de Goÿs injini ikamzimikia akatekwa.

Shida ikaja kutoka hukohuko nyuma. Injini na propela vilimziba mpiga bunduki, hawezi kumpiga anayekuja mkiani, na marubani wa Fokker walilijua hilo na ndege zao zilikua na mwendo kuliko Voisin. Hasara zikawa kubwa mno mchana, Wafaransa wakazihamishia kwenye mashambulizi ya usiku.