Hiyo "meli ya mizimu" ni taa za dagaa, jamani

Naona ile klipu imerudi tena kwenye magrupu: usiku, taa zimejipanga ziwani, halafu sauti ya mtu inatetemeka eti MV Bukoba, ile meli ya abiria iliyozama Ziwa Victoria, inarudi. Mimi kazi yangu ni usukani wa meli, zamu za usiku ndo zangu, na hizo ni taa za wavuvi wa dagaa, zamani karabai sasa hivi sola. Wanatoka kuvua usiku wa giza, mbalamwezi ikikomaa wanabaki mwaloni kwa sababu dagaa hawafuati taa vizuri. Ndo maana hiyo meli yenu haionekanagi kwenye mbalamwezi.

Hadithi yenyewe ina kwao. Meli ya mizimu maarufu, Flying Dutchman, ni ya Rasi ya Tumaini Jema, enzi Waholanzi wanaenda Asia kufuata viungo, nahodha akaapa ataizunguka rasi hata kama ni mpaka Kiyama, basi akapewa alichoomba. Jina la nahodha huyo, Van der Decken, lilitokea kwenye jarida la Edinburgh 1821, Wagner akatoa opera 1843, leo mpaka watoto wanaijua kwa katuni. Mary Celeste msiichanganye humo, ile ni meli ya kweli, ilikutwa 1872 upande wa Azores haina mtu na boti yake haipo. Chai ya moto mezani ni chumvi za baadaye.

Sasa kinachonikera zaidi ni mjuaji anayekuja kwenye komenti na neno moja tu, "Fata Morgana", yaani aina ya mazigazi, amemaliza. Fata Morgana inataka hewa ya baridi chini, ya joto juu, ndo kitu cha mbali kinavutwa juu na kurefuka, hata kilicho nyuma ya upeo unakiona. Ziwa letu alfajiri ni kinyume! Maji yana nyuzi 25 hivi, hewa imepoa kuliko maji, kwa hiyo mwanga unapinda kuelekea juu na unaona kipande cha mbingu chini ya kisiwa, kisiwa kinaonekana kimeng'oka kinaelea, mtumbwi nao hivyohivyo. Hayo ni mazigazi kama ya lami ya mchana, unapoona kama maji barabarani, yaleyale. Sisemi ile nyingine haitokei kabisa huku, ila usiipachike kila asubuhi.

Na MV Bukoba haifai kwenye hadithi hizi. Meli ya mizimu inataka isijulikane ilikwenda wapi. Hii ilizama 21 Mei 1996 asubuhi, karibu na Mwanza, imejaza watu kupita kiasi, ikapinduka kwanza, waliokuwa ndani wakawa wanagonga bodi, ikakatwa tundu, hewa ikatoka ikashuka. Makaburi yako Igoma, nendeni mkasome majina.

Kuna moja inanisumbua lakini. 11 Julai 1881, meli ya kivita Inconstant ikiwa bahari ya Australia, saa kumi alfajiri, watu 13 wakaona mwanga mwekundu na merikebu ndani yake, na kwenye hiyo meli ya kivita alikuwemo mwanamfalme George, baadaye mfalme wa Uingereza. Vitabu vinasema mazigazi. Sawa, ila mazigazi hayawashi taa, yanapinda tu mwanga uliopo, sasa ule wekundu ulitoka wapi gizani? Ningekuwa zamu siku hiyo ningeuliza kwanza meli gani iko jirani na inawaka nini.