Je, wajua kwa nini fundi wa gitaa huhitaji mshipi?

Ukimwambia mtu wa Shangani au Mikindani kwamba fundi wa gitaa ana mshipi mezani, atauliza anavua samaki gani. Havui samaki. Anavua volyumu.

Gitaa la umeme tulilolizoea ni kipande kizima cha mti. Lina mfuniko, ukifungua skrubu zake unaziona nyaya zote. Gitaa la uvungu ni habari nyingine. Chukua gitaa la ES-335, ambalo kampuni ya Gibson ya Marekani ililitoa mwaka 1958: katikati limepita gogo la mti, lakini ubavu huu na huu ni wazi, na usoni kuna matundu mawili yenye umbo la herufi f. Mgongoni hakuna mfuniko wowote. Vifaa vya volyumu na toni, swichi na jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya) vimening'inia humo ndani, vimeshikwa na nati iliyo nje. Fungua nati, kifaa chadondoka tumboni.

Kukitoa kwa tundu la f si kazi. Kazi ni kukirudisha kichungulie tena kwenye kitobo chake, na vidole havifiki. Ndiyo maana fundi makini, kabla hajasukuma chochote ndani, hufunga mshipi kwenye shina la kila kifaa na kuacha ncha ikining'inia nje. Akimaliza kulehemu, anavuta taratibu na kila shina linarudi kwenye kitobo lilikotoka. Wengine huvalisha shina mpira mwembamba badala ya kufunga fundo. Nao unafaa, maana haufunguki njiani.

Na kwa nini vinaharibika? Huku kwetu pwani, hewa ina unyevu na chumvi, na viwili hivyo huharakisha kutu. Jeki ikishika kutu, sauti inakatika ukitikisa waya. Volyumu ikiingia uchafu, inakwaruza ukiizungusha. Hiyo mara nyingi hupona kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, bila kutoa kitu. (Mafuta ya nazi yaache jikoni.)

Ila mkosaji mkubwa, kwa maoni yangu, ni mkono wa mpigaji mwenyewe. Nati ya jeki inalegea, naye anaikaza kwa nje bila kuishika jeki kwa ndani. Jeki nzima inazunguka, nyaya zinajisokota hadi zinakatika. Ikikatika ile ya ardhi, gitaa linavuma, na kugusa nyuzi hakupunguzi mvumo kama zamani.

Kabla ya kuvuta mshipi, chomeka gitaa kwenye amplifaya vifaa vikiwa bado nje, sauti chini, kisha gongagonga pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) polepole kwa bisibisi. Spika ikijibu "tok, tok" kwa kila pikapu, na volyumu zikitii, vuta. Isipojibu, washa tena pasi ya kulehemu kabla hujavirudisha gizani.