Shaba ni ileile, sumu imeongezeka

Kila ninapoletewa maji ya bahari, swali la kwanza ni: humu mna shaba kiasi gani? Nami huuliza: iko katika hali gani? Zaidi ya asilimia 99 ya shaba iliyoyeyuka katika maji ya juu ya bahari kuu imeshikwa na molekuli zitokazo kwa viumbe. Katika kidogo kinachobaki, sehemu kubwa imeungana na kaboneti, ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya kaboni na oksijeni. Inayodhuru zaidi vijimea vya baharini ni ile iliyo huru, nayo ni chembe tu.

Hewa ukaa ndiyo inayovuruga hesabu hii, kwani ikiyeyuka baharini huleta asidi. Tangu enzi za kabla ya viwanda, pH ya maji ya juu, yaani kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, imeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Maji bado ni besi, yaani kinyume cha asidi, lakini kipimo hiki huenda kwa mara kumi kumi: 0.1 tu ni ongezeko la zaidi ya robo la ioni za haidrojeni, zile zinazoleta asidi. Ioni hizo hukamata kaboneti, na shaba iliyokuwa imeungana nayo huachwa wazi. Hakuna aliyemwaga hata gramu moja, ila sumu imezidi. Bandarini nahofia zaidi, maana rangi inayopakwa chini ya boti hutiwa shaba makusudi, iue viumbe vinavyojishikiza hapo.

Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, haishtuki sana; yenyewe imeshikwa na kloridi, ioni iliyomo katika chumvi ya bahari, ambayo asidi haiigusi.

Chuma, ambacho vijimea hukihitaji ili vikue, ndicho kinachosumbua akili. Kile chenye chaji mbili, kinachoyeyuka vizuri, hugeuka kutu kwa kasi inayofuata kipeo cha pili cha kiasi cha haidroksidi, ioni inayopungua asidi inapozidi. pH ikishuka 0.3, haidroksidi hubaki nusu, na kasi hiyo huwa robo. Ungedhani vijimea vitashiba. Lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha daiatomu, vijimea vya seli moja, zikifyonza chuma kidogo zaidi asidi ilipoongezwa, kwa kuwa molekuli iliyokishika ilikikaza zaidi. Molekuli nyingine hukishika kwa namna nyingine, kwa hiyo jibu moja la bahari zote halipo.

Ndiyo maana mazoea yetu yananiuma. Ili metali isinate kwenye kuta za chupa, sampuli hutiwa asidi mpaka pH iwe chini ya 2. Hapo jumla ya shaba tunaipata, lakini hali yake tumeifuta kwa mikono yetu. Siku hizi nachota chupa mbili: moja naitia asidi, ya pili naichuja na kuigandisha ilivyo, bila asidi.